Sharubati ya Papai Niliyoimwaga

Mwanangu Rukia,

Salamu tutapeana kesho jioni stesheni, mbele za watu, na hapo sitaweza kusema neno la maana. Nitakuwa nalia, na mama mkwe wako aliyekuja kukuchukua atakuwa anagombana na wachukuzi. Kwa hiyo nakuandikia sasa, alasiri hii, wakati umekwenda ofisini kuwaaga wenzako wa taipu. Baba yako yuko msikitini. Nimekaa pale unapopenda kukaa wewe, karibu na dirisha la uchochoroni, na huko chini makuli wanateremsha magunia na kutukanana kama kawaida yao.

Sitakuandikia habari za pilau wala za kupiga pasi kanzu za mumeo anayekungoja Mombasa. Hayo unayajua, na usiyoyajua utafundishwa upende usipende. Nakuandikia kwa sababu ya maneno uliyoyasema jana asubuhi ukiwa umeinama juu ya ndoo, mkono wangu mgongoni mwako. Ulipomaliza kutapika ulijifuta mdomo ukaniambia, "Mama, usiambie mtu. Hata mama mkwe usimwambie. Wiki ijayo mfungo ukiingia nitafunga na wao, hakuna mtu atajua."

Sikukujibu. Nilikwenda jikoni nikakuchujia papai, ukanywa mafunda mawili matatu, rangi ikakurudia, ukalala. Ukadhani nimekubali. Sikukubali, Rukia. Nilikuwa nimekasirika. Hasira yenyewe haikuwa yako, ni ya zamani kuliko wewe, lakini maneno yako ndiyo yaliyoiamsha, maana ni maneno niliyoyasema mimi, karibu neno kwa neno, nikiwa na umri kama wako.

Unajua kwamba wewe ndiye mtoto wangu wa kwanza. Kila mtu anajua hivyo. Si kweli. Palikuwa na mwingine kabla yako, na leo utamsikia.

Nililetwa Nairobi kwa treni hiyo hiyo utakayoipanda kesho, ila mimi nilikuwa nakuja na wewe unakwenda. Baba yangu alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani kule Mombasa, na aliniozesha kwa kijana wa Kimombasa aliyekuwa mchinjaji Dagoretti. Wakati ule vijana wengi wa Kiislamu walipata riziki machinjioni, maana nyama ya kuuziwa Waislamu sharti ichinjwe na mkono wa Mwislamu. Baba yako alikuwa na mkono mwepesi na bismillahi safi, kila mtu alimsifu. Mimi nilimpenda tangu siku ya kwanza. Naliandika hilo ili ujue kwamba haya yafuatayo siyaandiki kwa chuki.

Tulikaa Uthiru, nyumba ya mabati, chumba chetu ubavuni mwa chumba cha nyanya yako, na ua mmoja tukishirikiana na wapangaji wengine. Uthiru ya siku zile ilikuwa mashamba na matope. Nyanya yako alikuwa mwanamke hodari, na uhodari wake wote ulikuwa kwenye sufuria. Mwanawe alileta vichwa, miguu na matumbo kutoka kazini, na yeye akavichemsha tangu asubuhi. Nyumba nzima ilinuka supu. Mwanzoni niliipenda supu ile. Halafu siku moja niliamka, nikasikia harufu yake ikipita chini ya mlango, nikakimbilia nyuma ya choo.

Nikajua. Mama yangu alikuwa ameniambia kabla sijaondoka, kama alivyoambiwa na mama yake: mimba changa haisemwi. Hasidi ana jicho, na jicho halichagui mlango. Asijue mtu isipokuwa mumeo, mpaka tumbo liseme lenyewe. Nilimwambia baba yako usiku ule akafurahi, akanishika mkono, akasema, "Tumfiche huyu. Mama akijua, mtaa mzima utajua kabla ya adhuhuri." Tukacheka. Ukweli ni kwamba tulikuwa watoto wawili tunaocheza kificho na jambo lisilo la mchezo.

Sasa mficha jambo lazima atafute uongo wa kulifunikia. Nilipokataa supu nilisema nina tumbo la baridi. Nilipokataa matumbo nilisema jino linaniuma. Nyanya yako hakuwa mjinga, lakini alikuwa na kiburi cha mpishi, na alichokiona yeye ni binti wa mwalimu anayeziba pua mbele ya chakula cha machinjioni. "Huyu anatuona sisi wachafu," aliwaambia wageni wake, nami nasikia. Ningesema neno moja tu angenikumbatia. Alikuwa akiomba mjukuu katika kila swala, nilimsikia kwa masikio yangu kupitia ukuta. Mimi nikanyamaza, yeye akanuna, na kila siku akanipakulia sahani kubwa zaidi, kunikomoa.

Nguo za baba yako nazo zilikuwa adhabu yangu ya jioni. Hata akioga, mafuta ya ng'ombe yalibaki kwenye nywele. Nilijifunza kulala nimemgeuzia mgongo. Akadhani nimemchoka, na ule utani wetu wa kuficha ukaanza kuchacha.

Ndipo akatokea Mama Mwende. Alikuwa mpangaji wa chumba cha pembeni, Mkamba, mama wa kanisani, mumewe mfanyakazi wa serikali pale Kabete. Tulikuwa tunasalimiana tu. Lakini mabati hayasitiri mwanamke anayetapika alfajiri, na yeye alikuwa na watoto wa kutosha kuijua sauti ile. Asubuhi moja alinikuta nimeshika ukuta wa choo, akasema polepole, bila kutazama huku na huku:

"Mama wa Mombasa, hiyo si baridi ya tumbo. Mimi naijua hiyo kitu. Yangu yote ilikuwa hivyo."

Nilimwambia anakosea. Akaitikia, "Sawa, nakosea," akaenda zake, na baada ya muda akarudi na kikombe cha bati chenye maua mekundu.

Nataka nikueleze kilichokuwa ndani ya kikombe kile, maana ndicho hicho ninachokuchujia wewe. Mama Mwende aliletewa mapapai na mama yake kutoka Machakos kwa basi, yaliyofungwa kwenye majani ya migomba. Alichagua lililoiva mpaka linalainika chini ya kidole. Bichi alikataa katakata. Alisema lina utomvu na halifai kwa mja mzito, na hilo hata mama yangu alikuwa akilisema. Alikomba mbegu zote, akalisugua papai kwenye chujio la chai kwa mgongo wa mwiko, likashuka laini bila nyuzi. Akaponda ndizi mbivu, ile yenye madoa meusi ambayo watu huitupa. Akalegeza kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, akakamua ndimu kidogo na matone ya tangawizi. Sukari hakutia. Alisema sukari ndiyo inayokurudisha kwenye ndoo. Mtungi wake ulikaa kivulini, kwa hiyo kile kikombe kilikuwa baridi, na hakikuwa na harufu ya kitu chochote kilichowahi kuwa na damu.

"Kunywa kidogo kidogo," alisema. "Usimeze kama dawa. Hii haina dawa, ni matunda tu. Na ukiamka asubuhi, kunywa kabla hujainua kichwa."

Nilikunywa, Rukia. Kilikaa. Nilikuwa nimesahau jinsi inavyokuwa kitu kukaa tumboni. Nilisimama pale uani nikalia, na Mama Mwende akajifanya anaanika nguo.

Siku kadhaa mambo yakawa mepesi. Kila asubuhi kikombe cha maua mekundu kilikuwa mlangoni pangu kimefunikwa sahani, na kila asubuhi nilikirudisha kimeoshwa. Nikaanza kula wali mkavu. Nikageuka upande wa baba yako tena. Halafu Ramadhani ikaandama.

Hapa ndipo ninapotaka usome polepole. Baba yangu alikuwa mwalimu. Mimi sikuhitaji kuambiwa na mtu kwamba mja mzito anayeogopea mtoto wake ameruhusiwa kula, na siku zake atalipa baadaye. Nilikuwa nayafundisha hayo mwenyewe kwa wasichana wadogo pale chuoni, nikiwa na mkwaju mkononi. Lakini kwenye nyumba yenye ua mmoja, mwanamke asiyefunga huulizwa. Siku za mwezi zingenisitiri kidogo tu, nazo zina mwisho. Baada ya hapo ningesema nini? Nilimwuliza baba yako. Alikuwa anavaa viatu, akasema bila kuinua kichwa, "Funga tu, Zuhura. Tuvumilie. Ikifika Idi tutasema, itakuwa furaha mbili."

Furaha mbili. Maneno hayo mpaka leo nikiyakumbuka meno yanafanya ganzi.

Nikafunga. Mola aliniruhusu kula, mimi nikaogopa watu. Nilikuwa nakula daku pamoja nao, halafu naitapika nyuma ya choo kabla ya adhana, na mchana kutwa nikashinda bila tone la maji. Ilikuwa ule msimu wa jua kali kabla ya mvua za masika, mabati yanalia kwa joto. Ulimi ulikuwa unagandamana na kaakaa. Nikisimama naona giza. Nyanya yako aliponiona nimekaa kivulini alisema, "Mfungo wenyewe ndio huo, mwanangu, kila mtu anaumia." Na ni kweli kila mtu alikuwa anaumia, ila si kwa watu wawili.

Mama Mwende hakuacha. Kikombe kilikuja kama kawaida. Nilimwambia nimefunga.

"Hata na mtoto ndani?"

"Hakuna mtoto ndani."

Alinitazama sana. "Mungu wako na wangu sijui kama wanaongea," alisema, "lakini hakuna mwenye anataka ukauke hivi. Kunywa, mama. Nitasimama kwa mlango, nani ataona?"

Nilisubiri aondoke. Nikakichukua kikombe, nikaenda nyuma ya nyumba, nikakimwaga kwenye ua wa michongoma. Nilimwaga siku ile, na ya pili yake, na zilizofuata. Sikutaka kumrudishia kimejaa, ningemvunja moyo. Utaona ujinga wenyewe: nilimwonea haya jirani kwa kikombe, sikumwonea haya aliyekuwa tumboni mwangu. Siafu walipata Ramadhani njema kuliko mimi.

Ilitokea alasiri, nikiwa naosha masufuria ya futari. Sitakueleza yote, wewe ni mja mzito na kuna mambo hayafai kukaa kichwani mwako sasa. Nilisikia maumivu kiunoni, nikajua, nikajikokota mpaka chumbani. Nyanya yako aliponikuta, alipiga kelele moja, halafu akawa mtulivu na mwenye mikono mizuri kuliko mkunga. Alinisafisha mwenyewe. Alinifunika leso yake mpya. Alikuwa analia kimyakimya na machozi yanamdondokea puani. Na katika kuinuka, akakiona kikombe kando ya mlango. Kilikuwa kitupu, sijakiosha bado. Akakinusa.

"Papai," alisema.

Kisha akaanza. Kumbe unakula mchana wa Ramadhani! Kumbe jirani anakulisha wewe kwa siri, na papai, kitu kinachoangusha mimba, kila mwanamke anajua! Ndiyo maana chakula changu unakikataa! Nilimwambia, "Mama, sikunywa. Nilimwaga. Nilikuwa nimefunga." Nilisema mara moja, kwa sauti ya mgonjwa, na sauti ya mgonjwa haivuki kizingiti. Yeye alikuwa tayari uani, mbele ya mlango wa Mama Mwende, na kila mpangaji ametoka.

Baba yako alifika katikati ya kelele hizo, visu vyake vimefungwa kwenye gunia. Mama yake akamgeukia. "Mkeo alikuwa mja mzito, wewe ulijua? Alikuwa anakula papai la huyu mwanamke mchana, amemwua mjukuu wangu!"

Mlango ulikuwa wazi. Nilimwona kutoka mkekani. Alijua nilikuwa mja mzito. Alijua nimefunga, maana kila magharibi alikuwa ananipa tende ya kwanza kwa mkono wake na kunitazama nikiimeza. Alijua ni yeye aliyesema funga tu. Neno moja lilikuwa linatosha: "Mama, alikuwa amefunga." Lakini neno hilo lingefuatwa na swali, na swali lingemfikia yeye. Aliinama akatazama viatu vyake. Akasema, "Sikujua, mama."

Nilipoteza mtoto kwa kufunga, nikasemwa kwamba nimempoteza kwa kula. Uchungu wa kwanza ni wa Mwenyezi Mungu, nimeshaukubali. Huo wa pili ni wa watu, na mpaka leo sijaukubali.

Haki lazima niitende: sijui kama ni mfungo ulioniangushia mimba. Miaka ya baadaye daktari mmoja aliniambia mimba nyingi changa huanguka zenyewe, hata mama akitunzwa kama yai. Huenda. Lakini mwanamke aliyekuwa hashikilii hata maji, akanyimwa hata maji, na aliyemnyima ni yeye mwenyewe, huyo hawezi kusema "huenda" akalala usingizi. Mficha maradhi kifo humuumbua. Waliotunga methali hiyo hawakusema kwamba wakati mwingine kifo chenyewe ni cha mtu mwingine.

Mama Mwende alikuja akachukua kikombe chake pale mlangoni, mbele ya wote, akaingia ndani. Mwisho wa mwezi walihama. Mimi nilikuwa nimeanza kusimama, nilimwona akipakia vitanda kwenye mkokoteni, na sikutoka kumuaga. Nilikuwa nimeambiwa nisizungumze naye, nami nilikuwa bingwa wa kutii.

Ulipokuja wewe, baada ya mwaka na kitu, nyanya yako alipiga marufuku kila tunda nyumbani. Kichefuchefu kilikuwa kile kile, supu ile ile. Safari hii sikumficha mtu, nilimwambia siku ile ile niliyojua, akafurahi mpaka akacheza. Lakini papai lilibaki haramu ya nyumba. Basi nikawa naliagiza kwa msichana wa jirani, nalisugua kwenye chujio la chai kama nilivyoona, nakunywa nikiwa nimefungia mlango wa bafu. Nilikunywa kama mwizi, funda moja moja, nikiogopa hata kumeza kwa sauti. Wewe umekua kwa sharubati ya bafuni, mwanangu. Ndiyo maana nacheka unapojifanya bibi wa watu.

Siku moja nilimwona tena. Ulikuwa unajifunza kutembea, nimekushika mkono sokoni mjini, upande wa matunda. Alikuwa amebeba kikapu na amezeeka kidogo. Nilisema, "Mama Mwende." Alisimama. Akakutazama wewe muda mrefu, miguu yako minene, halafu akaniuliza swali moja tu.

"Huyu alikunywa?"

"Alikunywa."

"Haya," alisema, akaendelea na njia yake. Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo kumwomba radhi, nikaufunga. Kulikuwa na watu. Daima kulikuwa na watu.

Sasa baba yako. Najua unampenda, na umpende. Aliacha machinjio, akafungua hili duka la kofia na kanzu, akatuhamishia mjini, hajawahi kuninyanyulia mkono. Na kila Ijumaa tangu tulipohamia mjini analeta papai. Ninyi watoto mlidhani ni mapenzi yetu ya matunda, mkawa mnatutania. Analiweka mezani bila neno, anakwenda kunawa. Nalimenya, nalikata, nampa kipande. Sijawahi kumwambia ahsante, na yeye hajawahi kuuliza kwa nini. Ijumaa zote hizo tumekula papai lake na lile neno halijasemwa. Mtu akikwambia ndoa hukaa kwa upendo, mwambie hata kwa papai hukaa, ila haishibishi.

Nyanya yako alikufa akiamini nilikula mchana wa Ramadhani. Wiki za mwisho nilimwogesha na kumlisha mimi, na kila nilipotaka kusema, nilimwona amedhoofika, nikasema nimwache apumzike. Nilimwacha. Yeye amepumzika.

Basi utaelewa kwa nini jana sikukujibu. Nilipokusikia ukisema "hakuna mtu atajua", niliona kiti cha mbao cha treni kinakungoja, na nyumba ngeni mwisho wa reli, na samaki wanakaangwa humo tangu asubuhi, na wewe umekaa kona umefunga mdomo kwa adabu. Adabu hiyo nimekufundisha mimi. Nimekufundisha kutobishana, kutojibu, kutosema la ndani. Nikitaka kumlaumu mtu kwa jinsi ulivyo mpole, sina pa kwenda isipokuwa kwenye kioo.

Nimejaribu kufikiri jinsi ya kukushawishi. Nikajua hutashawishika. Ungeniitikia, "Ndiyo, mama," kama unavyoitikia, halafu ungefika huko ukafanya vile vile. Wewe ni mwanangu, nakujua.

Kwa hiyo leo asubuhi, ulipotoka kwenda kazini, nilivaa buibui nikapanda basi mpaka Kawangware, kwa jamaa za mama mkwe wako alikofikia. Nilimkuta mwenyewe, Bi Mwanaisha, anakunja nguo. Alishangaa, maana tunakutana kesho. Akanikaribisha chai, nikamwambia sitakunywa mpaka niseme.

"Rukia ni mja mzito," nilisema. "Hashikilii chakula. Asubuhi anatapika mpaka nyongo. Amekusudia kukuficha, na amekusudia kufunga ili akufiche."

Aliweka nguo chini. Uso wake ulikunjamana, na haukuwa wa furaha.

"Mapema hivi unasema? Mpaka kwa watu? Dada yangu, huogopi jicho?"

"Naogopa," nilimwambia. "Mimi nilishamficha mmoja jicho lisimpate. Jicho halikumpata. Alikufa kwa kufichwa."

Nikamweleza. Haya yote uliyoyasoma nilimweleza yeye kwanza, mwanamke ambaye simjui vizuri, kwenye chumba cha watu, kwa sababu nilijua nikija kukuambia wewe kwanza ungenizuia. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakunipa pole. Alisema, "Hilo lilikuwa la Rukia kuniambia, si lako." Ana haki, na lilinichoma. Nilinyanyuka. Nilipofika mlangoni akaniita.

"Hilo papai," alisema, "linachujwa au linapondwa?"

Nikarudi nikakaa, nikanywa chai yake.

Adhuhuri baba yako aliporudi kula nilimwambia nilikotoka na nilichosema, chote, na jina lake ndani. Aliacha kula. Akasema, akinitazama mimi, si viatu, "Ulikuwa umefunga, Zuhura. Nilikuona ukifungua."

Nimelingoja neno hilo ujana wangu wote. Nilidhani likija nitalia, au nitamkumbatia. Nilimwuliza tu, "Leo unamwambia nani?" Mama yake yuko kaburini. Mama Mwende hatujui aliko. Alinawa mkono akaondoka kwenda msikitini na bado hajarudi. Nimeona haya kwa jibu langu, na nimeona pia kwamba sina jingine.

Sasa hivi utapanda ngazi, na kabla hujavua viatu utaona barua hii juu ya mto wako. Utakasirika. Utasema mama amenivunjia siri yangu, amenidhalilisha kwa wakwe kabla sijafika. Kweli nimekuvunjia. Huna tena siri ya kulinda huko Mombasa, unalo tumbo tu. Mama mkwe wako ameshajua, hakuna sahani utakayopaswa kuisingizia jino, wala siku utakayofunga kwa kumwogopa.

Nikasirikie, mwanangu. Una haki, na mimi nimezoea uchungu, huu wako nitaubeba. Usije jikoni kunisemesha kama hutaki. Lakini kando ya kitanda chako, chini ya sahani, nimekuwekea kikombe. Usikimwage.

Mama yako,
Zuhura